“Kesi yenu imefutwa”: uchambuzi wa kisa cha mjane aliyedhani ameshindwa

Kisa hiki kilipita kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria, katika wilaya moja ya kusini mwa Tanzania. Majina, kijiji na kata tumeviondoa. Tarehe tumezisogeza zote kwa pamoja, lakini idadi ya siku kati ya tukio na tukio haikuguswa, kwa sababu humu ndani siku ndizo zilizokaribia kumnyang'anya mama wa watu shamba lake. Tumekiandika kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzetu, watendaji wa vijiji na kata, na yeyote anayeishi karibu na watu wanaorudi kutoka mahakamani na karatasi wasiyojua inasema nini.

## Mazingira

Mama Z. ni mjane wa miaka hamsini na kitu. Mumewe alifariki tarehe 19 Machi 2011 akaacha shamba la mikorosho la eka sita, alilokuwa akilihudumia kwa mikono yake mpaka alipolala kitandani. Mwaka 2012 Mahakama ya Mwanzo ilimteua Mama Z. kuwa msimamizi wa mirathi. Fomu Namba IV aliyopewa siku ile bado anayo. Ameipiga plastiki, maana panya walishaanza kuila pembeni.

Mwaka 2013 jirani wa upande wa mashariki akaanza kusogea. Alianza na ufuta, kwenye kipande kilichokuwa wazi kati ya mistari ya mikorosho. Msimu uliofuata akaongeza. Kisha akapanda mitiki, na mtu akipanda mitiki kwenye ardhi ya mwenzake ujue hana nia ya kuondoka mwaka huu wala mwakani. Kufikia 2021 eka tatu zilikuwa mikononi mwake. Mama Z. alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara mbili na kwa mtendaji wa kijiji mara moja. Kote aliambiwa “mkae mzungumze”, na hakuna aliyeandika chochote.

Mwaka huohuo wa 2021 sheria ya migogoro ya ardhi ilibadilishwa. Mabaraza ya Kata, ambayo zamani yalikuwa yakisikiliza na kuamua mashauri madogo ya ardhi, yaliondolewa mamlaka ya kuamua. Vijijini habari ikafika kwa mkato: “Baraza la Kata limekufa, siku hizi unakwenda moja kwa moja wilayani.” Huo ulikuwa ukweli nusu. Baraza la Kata lilipoteza nguvu ya kuamua lakini likabaki na kazi ya kusuluhisha, na kazi hiyo ikafanywa kuwa mlango wa lazima. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo watu huliita tu “mahakama ya ardhi”, halitakiwi kusikiliza mgogoro wa umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa limejaribu kusuluhisha na limeshindwa. Muda wa kusuluhisha ni siku 30. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea hata kama hakupewa cheti.

## Yaliyotokea

Tarehe 9 Mei 2022 Mama Z. alifungua maombi kwenye Baraza la wilaya. Karatasi aliandikiwa na kijana wa steshenari aliye mkabala na ofisi, mwenye kompyuta na mashine ya kutoa nakala, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaandikia watu wasioweza kumlipa wakili. Kijana yule hakumuuliza kama amepita kata.

Jirani aliweka wakili. Kabla ya kusikilizwa shahidi hata mmoja, wakili akaleta pingamizi la awali: maombi hayana cheti cha Baraza la Kata, kwa hiyo Baraza haliwezi kuyasikiliza. Mama Z. alipoulizwa anajibu nini, akasema alichokuwa nacho moyoni, kwamba shamba ni la marehemu mumewe na wazee wa kijiji wote wanajua. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikujibu swali.

Uamuzi ulisomwa tarehe 14 Septemba 2022. Una kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu Mwenyekiti wa Baraza aliandika kwamba maombi “yameletwa kabla ya wakati wake”. Mstari wa mwisho ulisema: “Maombi yamefutwa. Kila upande utabeba gharama zake.”

Mama Z. anasema alisikia neno moja tu, “yamefutwa”. Alipotoka nje akamuuliza mhudumu wa ofisi kama ataitwa tena. “Hapana mama, kesi yenu imefutwa.” Jirani akawahi kijijini kwa bodaboda. Mama Z. alipofika jioni, habari ilishamtangulia na ilishabadilika njiani: kesi imetupwa, shamba ni la jirani, mahakama imesema. Mwenyekiti yuleyule wa kitongoji aliyekuwa akisema “mkae mzungumze” sasa alimwambia ashukuru hakutozwa gharama.

Hakuna aliyefanya lolote kwa siku 124. Kwa muda huo jirani alikata mikorosho kumi na mmoja iliyokuwa imebaki ndani ya eka tatu zile, akachoma mkaa, na akaanza kuleta watu waone kiwanja. Mama Z. aliacha kupita upande ule wa shamba.

Tarehe 16 Januari 2023 binti yake mkubwa alikuja mezani kwetu kwa jambo lingine kabisa, cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Karatasi zake alizibeba kwenye mfuko wa rambo, na alipokuwa akitafuta kadi ya kliniki, ule uamuzi ukatoka nao. Ulikuwa umekunjwa mara nane, neno “yamefutwa” limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni kwa mwandiko wa mtoto wa shule imeandikwa: “tumeshindwa”. Mwenzetu aliyekuwa zamu akamuuliza hii ni nini. Binti akajibu, “Hiyo imeshaisha, dada.”

## Neno lenyewe

Hapa tunaomba msomaji akae nasi kidogo, kwa sababu kisa chote kimebebwa na neno moja.

Mahakama inaweza kumaliza shauri bila kumpa mlalamikaji alichoomba kwa namna mbili zinazofanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa ndani. Ya kwanza ni kulifuta, au kuliondoa kwenye orodha. Ya pili ni kulitupilia mbali.

Mwalimu anapofuta ubao hajasema kwamba hesabu iliyoandikwa ni kosa. Amepitisha kifutio, ubao uko wazi, na mwanafunzi anaweza kuja kuandika upya. Hivyo ndivyo sheria inavyolielewa neno hili. Shauri lililofutwa lilikuwa na kasoro iliyoizuia mahakama kuligusa: limefunguliwa mahali pasipo pake, au kabla ya wakati, au halina kiambatisho cha lazima. Mahakama haikuamua nani mwenye haki. Imelitoa tu mezani.

Cha kushangaza ni kwamba neno la Kiingereza ambalo mahakama zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza, “strike out”, lina asili ileile. Kitenzi “strike” katika Kiingereza cha kale kilikuwa na maana ya kupitisha mkono juu ya kitu, kukipapasa, kukilainisha. Maana ya kupiga ilikuja baadaye. Kutoka kwenye kupitisha mkono likapatikana wazo la kupitisha kalamu, yaani mstari mmoja juu ya jina la shauri kwenye orodha, na shauri halipo tena. Aliyechagua “kufuta” kuwa mwenzake kwa Kiswahili alichagua vizuri, awe alijua au hakujua.

Kutupilia mbali ni jambo jingine. Neno la Kiingereza “dismiss” linatokana na Kilatini “dimittere”, kumwachia mtu aende zake. Kumbukumbu za zamani za mahakama za Uingereza ziliandikwa kwa Kilatini, na mdaiwa aliposhinda kulikuwa na maneno maalumu ya kuandika: “eat inde sine die”, maana yake aende zake bila siku. Bila siku, yaani bila tarehe nyingine ya kuja. Mtu wa kwetu ataelewa mara moja, kwa sababu mahakama kwetu ni tarehe. “Umepewa tarehe?” ndilo swali la kwanza ukirudi nyumbani. Aliyeambiwa aende bila siku hapangiwi tarehe tena, si mwezi ujao wala mwakani. Jambo limesikilizwa, limeamuliwa, limefungwa. Ukilirudisha utakutana na kanuni kwamba shauri lililokwisha kuamuliwa kati ya watu walewale juu ya jambo lilelile haliamuliwi tena.

Tofauti hii iliwekwa wazi Afrika Mashariki mwaka 1959, katika shauri linalojulikana kwa jina la Ngoni-Matengo, kwa sababu mmoja wa wadaawa alikuwa ushirika wa wakulima wa Kingoni na Kimatengo wa upande wa Songea. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa isiyokidhi masharti inafaa kufutwa na si kutupwa. Kutupwa kunamaanisha kwamba rufaa halali imeshughulikiwa ikamalizwa. Kufutwa kunamaanisha kwamba hapakuwa na rufaa halali ya kushughulikiwa. Mahakama za Tanzania zinalitaja shauri hilo mpaka leo. Sisi tunaofanya kazi kusini tunaona fahari kidogo kwamba somo hili linabeba jina la wakulima wa huku.

Kama tofauti ni ya zamani hivyo, kwa nini haimfikii mtu wa kawaida? Sababu moja ni kwamba kwa miongo mingi watu walijieleza mahakamani kwa Kiswahili, lakini mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo ziliandika kwa Kiingereza. Tofauti iliishi kwenye maandishi ambayo wahusika hawakuyasoma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa na tunaifurahia kwa dhati. Ila neno linapohama kutoka Kiingereza linatua kwenye lugha ambayo tayari watu wanaitumia kwa maana zao. Vichwa vya habari, Nairobi na Dar es Salaam pia, husema “Mahakama yatupilia mbali” kwa kila ombi lililokataliwa, liwe limeamuliwa au limekwama mlangoni. Mitaani “kufuta” ni kuondoa kabisa: kufuta deni, kufuta jina, kufuta usajili. Aliyefutiwa deni haambiwi kesho alipe.

Kwenye jinai, kinyume chake, watu wetu wanaielewa tofauti bila kufundishwa. Kila mtu amewahi kusikia habari ya mshtakiwa aliyefutiwa mashtaka akakamatwa tena kabla hajafika getini. Kijijini watasema wenyewe, “Amefutiwa, hajaachiwa huru.” Mama Z. mwenyewe alituambia hivyo juu ya kijana mmoja wa jirani zao. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kuwa neno lililomrudisha yule kijana rumande ndilo lilelile lingeweza kulirudisha shamba lake mezani.

## Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa mbaya. Mwenzetu wa zamu, baada ya kusikia “kesi iliisha Septemba”, alianza kuandaa maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Kutoka Baraza la wilaya kwenda Mahakama Kuu rufaa hukatwa ndani ya siku 45, na siku hizo ziliisha tarehe 29 Oktoba. Alikuwa anajenga hoja za kueleza ucheleweshaji, ugonjwa, umbali, umaskini. Zilikwenda siku tisa. Tarehe 25 Januari, kwenye kikao chetu cha kupitia majalada, mmoja wetu akauliza uamuzi wenyewe unasemaje, ukurasa wa mwisho. Ndipo tukausoma sote kwa mara ya kwanza, kuanzia juu mpaka chini.

Rufaa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuinua: kulipandisha jambo kwa aliye juu. Je, tulikuwa na nini cha kupandisha? Hakuna aliyekuwa ameamua shamba ni la nani. Tungeweza kulalamika kwamba Mwenyekiti alikosea kufuta, lakini hakukosea. Cheti hakikuwapo, na pingamizi lilikuwa hoja safi ya kisheria, aina ileile ambayo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliieleza mwaka 1969 katika shauri la Mukisa Biscuit. Kupanda na rufaa kungekuwa kutumia mwaka mzima kubishania kosa lililokuwa la upande wetu. Tukaacha rufaa.

Uamuzi wa pili ulihusu hesabu ya muda, na huu ndio uliotutoa jasho. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Familia ilihesabu kutoka 2013, jirani alipoanza kulima ufuta, wakaona wana mpaka 2025. Sheria ya ukomo wa muda haihesabu hivyo kwa ardhi ya marehemu. Ikiwa marehemu alikuwa akiimiliki na kuitumia mpaka siku ya kufa, haki ya kudai huhesabiwa kuanzia siku alipofariki. Miaka 12 kutoka 19 Machi 2011 inaisha Machi 2023. Tulikuwa na wiki saba na siku chache, na ndani yake tulitakiwa kuingiza siku 30 za kata.

Ukifungua baada ya muda kupita, sheria inaiamuru mahakama ilitupe shauri, hata kama mpinzani hakulalamika. Maana yake ni kwamba mlango ulioachwa wazi Septemba ungefungwa na kalenda, bila mtu yeyote kuugusa. Kufutwa kungekuwa kutupwa, na mwenye kufanya hivyo angekuwa ukimya wetu.

Palikuwa na njia ya akiba. Sheria hiyohiyo inaruhusu kutoa kwenye hesabu siku ambazo mlalamikaji alikuwa akiendesha shauri kwa nia njema na kwa bidii mbele ya chombo kisichoweza kulisikiliza kwa kasoro ya mamlaka au sababu ya namna hiyo. Kutoka 9 Mei hadi 14 Septemba ni siku 128. Wengine mezani walitaka tuzitegemee ili tusikimbizane. Tulikataa. Nia njema na bidii ni mambo ya kuthibitishwa, na mpinzani angeuliza bidii gani ya mtu aliyekaa siku 124 baada ya kufutiwa. Tuliziweka pembeni kama mtu anavyoweka akiba ya chakula, si ya kuanza nayo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa nani asimame. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, lakini hawezi kumwakilisha mtu mbele ya Baraza. Mara ya kwanza Mama Z. alisimama peke yake na tuliona kilichotokea. Tulimtafutia wakili wa kujitolea, akakubali kwa sharti moja: jalada la kata likamilike na kila karatasi iwe na mhuri.

Barua ikapokelewa Baraza la Kata tarehe 27 Januari. Tuliomba nakala yetu igongwe mhuri na iandikwe tarehe ya kupokelewa. Katibu aliona tunamsumbua, akasema huku kijijini wote wanafahamiana. Tukasubiri kwenye benchi mpaka akagonga. Vikao viwili vilipangwa, jirani hakutokea hata kimoja. Kufikia 26 Februari siku 30 zilikuwa zimetimia. Sheria ilituruhusu kuendelea bila cheti, lakini hatukutaka kufika wilayani tena na maelezo mdomoni. Binti alikwenda ofisi ya kata siku tatu mfululizo, shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, mpaka cheti kikaandikwa.

Maombi mapya yalifunguliwa tarehe 3 Machi 2023. Zilibaki siku 16.

## Matokeo

Wakili wa jirani alirudi na pingamizi mbili: kwamba shauri lilishaamuliwa, na kwamba muda umepita. La kwanza alilijengea hoja juu ya uamuzi wa Septemba. Wakili wetu alisimama akasoma mstari wa mwisho wa uamuzi ule, akauliza ni wapi Baraza lilipoamua nani mmiliki. La pili lilijibiwa kwa cheti cha kifo na mhuri wa mapokezi ya maombi. Yote mawili yalikataliwa.

Shauri lilisikilizwa kwa mashahidi, Baraza likatembelea shamba, na hukumu ikatoka mwaka 2024. Mama Z. alipewa eka mbili na nusu kati ya tatu. Nusu eka iliyobaki, ukanda ulio kando ya njia, alikosa, kwa sababu mashahidi wake wawili walitaja miti tofauti ya mpaka: mmoja alisema mwembe, mwingine akasema mkwaju uliokauka zamani. Jirani hakukata rufaa. Mitiki alipewa muda wa kuiondoa.

Mikorosho kumi na mmoja iliyokatwa kati ya Septemba na Januari haikulipwa. Haikuwa imeandikwa kwenye madai, kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na Machi na hatukukaa kuhesabu hasara. Mkorosho uliokomaa si mti wa kupanda leo ukachuma kesho kutwa. Hiyo ni hasara ya neno lililoeleweka vibaya, na sehemu yake ni yetu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote kilikuwa kusoma. Inasikitisha kukiri, lakini watu sita walikuwa wameishika karatasi ile kabla haijasomwa yote: Mama Z., binti, mjukuu aliyeandika “tumeshindwa”, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa steshenari, na mwenzetu wa zamu. Kila mmoja alipokea maana kutoka kwa aliyemtangulia. Maneno “kabla ya wakati wake” yalikuwa palepale ukurasa wa tatu. Kinacholetwa kabla ya wakati kinaweza kuletwa wakati ukifika. Hilo halihitaji shahada ya sheria.

Kuhesabu kutoka siku ya kifo, na si kutoka siku ya uvamizi, ndiko kulikookoa shamba. Tungehesabu kama familia, tungepanga kufungua baada ya mavuno, kwa utulivu, na tungetupwa. Tangu hapo, mteja yeyote anayekuja na ardhi ya marehemu tunamuomba cheti cha kifo kabla hatujamuuliza habari ya mpaka.

Kukataa rufaa kulikuwa sahihi, lakini tungependa wenzetu wasichukue hili kama kanuni. Yapo mashauri yanayofutwa kimakosa, na hapo rufaa ndiyo dawa. Pia usitegemee kitenzi peke yake. Tumewahi kuona uamuzi ulioandikwa “umetupwa” huku sababu zote zikiwa za utaratibu, na mwingine ulioandikwa “umefutwa” baada ya kupima ushahidi. Ukiona sababu na amri haziendani, peleka kwa wakili siku hiyohiyo, maana siku za rufaa zinahesabika wakati ninyi mnabishana juu ya maana.

Mapungufu yako mengi, na si yetu peke yetu. Kijana wa steshenari hatumlaumu sana. Yeye ni daraja pekee la watu wengi, na hakuna aliyemletea mabadiliko ya 2021 kwa lugha na kwa karatasi. Baada ya kisa hiki tulimpelekea ukurasa mmoja, akaubandika ukutani juu ya mashine. Mhudumu aliyejibu “imefutwa” alisema kweli tupu. Tatizo ni kwamba ukweli ule ulihitaji nusu sentensi zaidi: “imefutwa, anzia kata, kisha urudi.” Kumwambia mtu hatua inayofuata si kumpa ushauri wa upande wowote, na Mwenyekiti angeweza kuiandika kwenye uamuzi wenyewe. Baadhi yao huiandika. Tofauti tunaiona mezani, kwa sababu wateja wao hufika kwetu ndani ya wiki.

Sisi tulikosa mara mbili. Siku tisa za kuandaa rufaa isiyohitajika zilitokana na kumsikiliza mteja juu ya karatasi iliyokuwa mbele yetu. Kumsikiliza ndiyo kazi yetu, lakini mteja anapotueleza mahakama ilisema nini, anatueleza alichoelewa. Kosa la pili ni ile mikorosho. Saa moja tu ya kukaa na binti na kalamu ingetosha kuingiza idadi na umri wa miti kwenye madai.

Linabaki suala la neno. Kuna wenzetu wanaopendekeza mahakama ziache “kufuta” zitumie “kuondosha”, kwa kuwa halijazoeleka mitaani na halina historia ya kufuta madeni. Wengine wanaona “kufuta” libaki, lielezwe. Mimi niko na hawa wa pili. Neno lina asili nzuri, linafanana na mwenzake wa kale kwa maana ya ndani kabisa, na watu tayari wanalielewa sawasawa kwenye jinai. Kinachokosekana ni mtu wa kuwavusha kutoka kwa yule kijana wa rumande mpaka kwenye shamba lao. Siku hizi nikimweleza mteja naanza na mfano huo, kisha ubao wa mwalimu. Mpaka sasa sijalazimika kutumia wa tatu.

Kwenye fomu yetu ya kupokea wateja tumeongeza sehemu tatu juu kabisa, kabla ya maelezo ya mgogoro. Ya kwanza: nakili neno kwa neno mstari wa mwisho wa uamuzi. Ya pili: nakili sababu iliyotolewa. Ya tatu: tarehe ya uamuzi, na karibu yake, kama ni ardhi ya marehemu, tarehe ya kifo. Anayepokea haruhusiwi kuijaza kwa kuambiwa. Mteja asipokuwa na nakala, tunasimamisha fomu hapo, tunamwandikia barua ya kuiomba, na mmoja wetu anamsindikiza masijala.